Disketi Isiyo na Jina

Simu ilinikuta nikichambua maharage barazani, nikaiacha ilie mara mbili, kwa sababu siku hizi wanaonipigia ni wajukuu wanaotaka kitu. Mara ya tatu nikaipokea. Sauti ya mwanamke mtu mzima ikasema, “Tantine Faida? Ni miye Furaha, wa Maman Nsimire. Maman ametuacha leo asubui.” Nikasema pole, nikasema Mungu ampokee, nikauliza mazishi ni lini na wapi, maneno yote ambayo mdomo wa mtu wa umri wangu huyasema wenyewe bila kutumwa. Kisha nikarudi kwenye ungo na kugundua kwamba nilikuwa natupa maharage mazima na kubakiza mabovu. Nitasema ukweli ingawa haunipendezi: nilishusha pumzi. Mtu mmoja tu duniani angeweza kuniuliza kuhusu mwaka ule, na sasa hawezi tena. Hiyo ndiyo haya ya kwanza ninayoiandika hapa, na wala si kubwa kuliko zote.

Tulimzika Katana, upande wa kwao. Ndani ya gari, barabara ile ya kando ya ziwa, nilipanga maneno yangu kuanzia Bukavu mpaka tulipofika. Nilijua Furaha angeniomba niseme neno, maana katika wote waliofanya kazi na mama yake kwenye ofisi ya maji, nimebaki mimi peke yangu. Nilikuwa nimeamua kusimama na kusema kwamba kosa lililomfukuzisha Maman Nsimire kazini lilikuwa langu, si lake. Nikasimama. Nikasema kwamba alikuwa akipiga mashine bila kutazama vidole, kwamba hakuchelewa hata siku moja, kwamba chakula chake kilikuwa chetu sote. Watu wakaitikia, “Njo vile, njo vile.” Nikakaa chini. Kijana mmoja akaniletea soda ya baridi, nami nikainywa yote, kwa kuwa koo lilikuwa limekauka kwa kusema nusu ya kweli. Basi ninaandika. Furaha ndiye atakayesoma kwanza, kabla sijakipeleka kitabu hiki popote. Sitawachosha na habari za baba yangu na ukoo wetu. Hawakuhusika na lolote, na wengi wao wamekufa wakiniona mtu mwema.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nchi ilikuwa bado Zaïre, na sote, mwenye cheo na asiye nacho, tulikuwa citoyen, yaani raia. Ofisi ya mradi wa maji ilikuwa katika nyumba ya zamani ya Wabelgiji kule Muhumba, yenye bustani inayoteremka mpaka ziwani. Chumba cha kulia chakula ndicho kilichopewa kompyuta, kwa sababu sakafu yake ilikuwa ya vigae na vumbi lilifagilika kwa urahisi. Mapazia yalifungwa mchana kutwa. Chef Bagalwa, mkurugenzi wetu, mtu mfupi wa abacost ya kijivu, ile suti ya serikali isiyovaliwa na tai, alibandika tangazo mlangoni kwamba ni marufuku kuingia na viatu, hivyo kila aliyekuja kuiona mashine, awe mchunguzi aliyetoka mlimani na matope au mkubwa wa zone, yaani wilaya, na walinzi wake, aliacha viatu vyake kwenye mstari ukutani. Nimeona wakubwa wenye soksi zilizotoboka. Mimi niliyekaa humo siku nzima nilikuwa na ndala zangu maalumu ambazo hazikuwahi kukanyaga nje, na nilizivaa kama askofu anavyovaa kofia yake. Ukutani kulikuwa na kidirisha cha mbao ambacho wapishi wa zamani walipitishia sahani kutoka jikoni. Jiko sasa lilikuwa ofisi ya Chef, na kidirisha hakikufunga vizuri, kwa hiyo nilisikia mengi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilikuwa nimetumwa Bujumbura majuma sita kujifunza kompyuta. Nilirudi sishikiki. Kompyuta ya wakati ule haikuwa na picha za kugusa kama simu za wajukuu wangu. Ilikuwa kioo cheusi, herufi A, alama ya mshale, na kijistari kinachopepesa kikingoja uandike amri. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba disketi haiguswi kabla ya kuulizwa mara tatu. Unaandika VOL, nayo inakupa jina la disketi na namba yake. Unaandika DIR, inakutajia mafaili yaliyomo. Unaandika CHKDSK, inakuhesabia octet, yaani nafasi: ngapi kwa jumla, ngapi zimeshikwa, ngapi ziko wazi. VOL peke yake, alirudia kila asubuhi, haijui kilichomo ndani. Inasoma jina tu. Nililiandika hilo katika daftari langu na kulipigia mistari miwili kwa wino mwekundu. Siwezi kusema sikuambiwa.

Maman Nsimire alikuwa mpiga chapa wa ofisi tangu kabla sijaanza shule. Alikuwa na zaidi ya miaka hamsini, mwembamba, kitambaa cha kichwa kimekazwa mpaka nyusi zinapanda, na mashine yake ya chapa ilisikika mpaka getini. Kompyuta ilipokuja, Chef akasema mimi nimfundishe. Ninakumbuka nilivyofurahi, na furaha ile haikuwa safi. Alivua viatu, akakaa kwenye kiti, akaweka mikono mapajani kama mtu aliye kanisani. “Unifundishe polepole, mutoto wangu,” akaniambia. “Kichwa yangu ni ya zamani, lakini ikishaingia, haitoke.” Ikaingia, tena upesi kuliko nilivyotaka. Baada ya mwezi mmoja alikuwa akiandika kwa kasi iliyonishinda, nami nikajitafutia ukubwa mwingine: yeye angeandika, lakini kuziuliza disketi, kuzipa majina, kuzinakili na kuzitayarisha, hiyo ingekuwa kazi ya mwenye cheti. Mchana tulikula pamoja kwenye ngazi za nyuma, maana chakula hakikuruhusiwa karibu na mashine. Alikuja na sufuria ndogo iliyofungwa kwa kitambaa, bugali ya muhogo ikiwa bado moto, sambaza, vidagaa vya ziwa letu, waliokaangwa wakavu, na mboga ya lengalenga. Mimi nilikuja na mdomo. “Kula, Faida,” alikuwa akisema, “huyu atakuoa atakuta mifupa tupu?” Nami nilikula, nikimsahihisha Kifaransa chake kati ya tonge na tonge.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wachunguzi walipanda milima ya Kabare na daftari za shule, kilima baada ya kilima, wakiandika kila chemchemi: jina lake, nyumba ngapi zinateka hapo, kama inakauka wakati wa kiangazi, na njia ya kufika. Waliporudi, Maman Nsimire aliingiza yote katika kompyuta. Orodha ndiyo ambayo wafadhili wangeitazama kuamua mabomba yaanzie wapi. Kilima kisicho kwenye orodha, kwa wafadhili, hakikuwapo. Sehemu ya kwanza ilipokamilika niliipa disketi jina, KABARE1, kwa amri na pia kwa karatasi iliyobandikwa juu yake. Sehemu ya pili ilikuwa ya upande wa Katana, upande wake, na humo ndimo alimoweka moyo. Aliandika majina ya chemchemi akiyatamka chinichini kwa Mashi, lugha ya kwao, na mara nyingine alicheka peke yake. “Hii, mama yangu alivunjia hapa mutungi,” aliniambia siku moja, kidole kikiwa kwenye kioo. Nikamwomba disketi niipe jina. Akaikumbatia kifuani. “Hapana. Haiyamalizika. Kwetu mutoto hapewe jina akingali mu tumbo. Siku nitamaliza, njo utaiita.” Hata karatasi hakubandika. Niliona ni mambo ya wazee, nikacheka, nikamwacha. Ninasisitiza kwamba nilijua: aliniambia mimi, kwa mdomo wake, nami nikacheka.

Halafu ni lile jambo la daftari. Chef alikuwa amelewa na kompyuta kuliko hata mimi. Asubuhi moja alisimama mlangoni, soksi kwenye vigae, akaonyesha rundo la daftari pembeni. “Hizi makaye zimemaliza kazi. Bintu byote biko mu machine. Muzipatie ule maman wa karanga pa getini, apate za kufungia karanga.” Maman Nsimire aliinuka. “Chef, miye naomba tuzichunge kwanza. Machine iko muzuri, lakini mutu hawezi jua.” Chef akanitazama mimi, mwenye cheti. Ningeweza kunyamaza. “Maman, iko mu disketi,” nikasema, “disketi haisahau.” Chef akapiga makofi mara moja, kama vile ametolewa mwiba. Daftari zikatoka siku hiyohiyo, za sehemu ya kwanza na zile za Katana zilizokwisha kuingizwa, na kwa siku kadhaa baadaye kila aliyenunua karanga Muhumba alizila juu ya chemchemi za watu.

Maman Nsimire alikuwa na redio ndogo ya kaseti mezani pake, katika chumba cha jirani alikokuwa akisahihisha kurasa zilizochapwa za sehemu ya kwanza. Adhuhuri aliiwasha asikilize matangazo ya vifo, kama watu wengi wa Bukavu. Jumatano moja nilimsikia akipiga ukelele. Redio ilikuwa imetaja shangazi yake. Alikusanya vitu huku akilia, disketi ya Katana iliyokuwa mezani akaja kuiweka haraka nyuma kabisa ya sanduku la disketi chumbani kwangu, akaniambia, “Faida, nitarudia siku ya kazi ya kwanza,” akaenda kwenye kilio. Nikamsindikiza mpaka getini. Nilimwonea huruma ya kweli. Ninaandika hivyo si kwa kujitetea, bali kwa sababu siku iliyofuata nilimfanyia nililomfanyia bila chuki hata kidogo, na mpaka leo sijui kama hilo linapunguza au linaongeza.

Alhamisi akaja mgeni wa wafadhili. Chef alikuwa amenyoosha abacost mpaka ikang’aa. Mgeni aliacha viatu mlangoni bila kuuliza, akaingia na miguu mitupu, vidole vyeupe vikijikunja juu ya vigae baridi, nami nikaona mambo yananiendea vizuri. “Citoyenne Faida atatuonyesha,” Chef akasema kwa Kifaransa chake cha sikukuu. Nikaingiza disketi ya kwanza, nikaandika VOL, na kioo kikajibu kwamba volume iliyomo katika A inaitwa KABARE1. Mgeni akatikisa kichwa kwa adabu. Chef akanitazama kama binti yake. Ningeishia hapo. Lakini mgeni akasema angependa kubeba nakala, kama tuna disketi tupu. Nikavuta sanduku, na nyuma kabisa nikakuta disketi isiyo na karatasi; ile ya jana sikuikumbuka hata. Nikaiingiza. Nikaandika VOL. Kioo kikasema: Le volume dans l’unité A n’a pas de nom. Volume iliyomo katika A haina jina.

“Elle est vierge, monsieur,” nikasema. Ni tupu. Mgeni akaniuliza kama nina hakika. Ninakumbuka hata namna alivyouliza, taratibu, bila dharau, kama mtu anayekufungulia mlango upite. Kungekuwa na amri mbili zaidi za kuandika, herufi chache, muda wa kukohoa. Lakini kuuliza tena mbele ya Chef kungeonyesha kwamba sijui, na mimi nilikuwa ndiye anayejua. “Mashine yenyewe imesema,” nikajibu, nikaandika FORMAT, amri inayopangusa disketi na kuitayarisha upya, nikabonyeza. Disketi ikaanza kukwaruza. Namba zikapanda kwenye kioo, nami nikawaeleza namba hizo kwa sauti ya mwalimu. Ilipomaliza, mgeni alikuwa ameangalia saa. Akasema hapana haja, atachukua karatasi zilizochapwa, zinatosha. Na orodha ya Katana tumpelekee mwisho wa mwezi. Wakatoka kwenda kula. Nikasikia kicheko cha Chef bustanini.

Sijui ni nini kilichonishtua. Labda ni neno Katana alilolitaja mgeni wakati anavaa viatu. Nilirudi chumbani, nikakaa, nikatafuta disketi ya Maman Nsimire ndani ya sanduku, moja moja, mpaka ya mwisho. Hazikuwa nyingi. Halafu nikaitazama ile iliyokuwa bado ndani ya mashine. Nikaandika DIR, kioo kikasema hakuna faili. Nikaandika CHKDSK. Octet 362496 kwa jumla. Octet 362496 ziko wazi. Namba mbili zilezile, moja juu ya nyingine, na katikati hakuna kitu. Niliandika tena amri ile. Niliandika mara nyingi, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba aliyoichoma mwenyewe. Saa tisa za alasiri, jua likipenya kwenye ncha ya pazia, nikaisukuma disketi ile nyuma ya sanduku mahali palepale, nikafunika mashine kwa kitambaa chake, nikaenda nyumbani. Siku ile nilikula vizuri. Hilo nalo linanitia haya: nilikula, nikaongeza.

Siku tatu nilikuwa na nafasi ya kwenda kwa Chef. Nilijiambia kwamba nitasema Maman akirudi, ili nisiseme mara mbili. Jumatatu akarudi, macho yamevimba, na kwenye kikapu alikuwa ameniletea maboga kutoka Katana. Akavua viatu, akaingiza disketi. Nilikuwa nimempa mgongo, nachonga penseli isiyohitaji kuchongwa. Nikasikia vidole vyake, kisha kimya, kisha vidole tena. “Faida, kuya uone. Haitoe kitu.” Nikaja. Nikaandika DIR, nikaandika CHKDSK, nikijifanya ninaona kwa mara ya kwanza. “Iko wazi,” nikasema. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Akawaza kwa sauti, hatua kwa hatua, kama anavyofanya mtu mwaminifu: Jumatano disketi ilikuwa juu ya meza, redio ilikuwa juu ya meza, mimi mwenyewe nilikuwa nimemfundisha kwamba ndani ya spika ya redio mna sumaku, na sumaku inafuta disketi. Akageuka, akanitazama. “Mutoto wangu, ni ile radio? Nilikuwa nasikia kifo ya shangazi, sikuichunga. Inaweza kuwa ni radio?”

Watu hufikiri uongo ni kitu unachokitunga. Mimi sikutunga chochote. Uliletwa kwangu umeiva, mkononi mwa yule niliyemkosea, na kazi yangu ilikuwa kuupokea tu. “Inaweza kuwa,” nikasema. Akaenda moja kwa moja kwa Chef, hakungoja hata dakika. Kupitia kidirisha cha sahani nilimsikia. “Chef, nimeharibisha kazi. Ni miye.” Chef alipiga kelele mpaka wafanyakazi wa bustani wakanyamaza. Alipochoka akauliza, “Na makaye?” Sote watatu tulijua zilikokwenda na kwa amri ya nani. Nadhani hapo ndipo alipoamua. Kama kosa ni la mashine, ni lake aliyetupa daftari. Kama ni la Maman Nsimire, basi limeishia hapo.

Furaha, nilipoingia nyumbani kwenu siku ya kilio cha mama yako niliona redio imetundikwa kwenye msumari nje, chini ya paa la baraza. Nikakuuliza kwa nini haiko ndani. Ulicheka kidogo, machozi yakiwa bado usoni. “Maman hakutaka radio ikaye mu nyumba yenye kuwa na papiers. Hata za shule zetu. Alisema inakulaka maandiko.” Kwa hiyo mmesikiliza redio nje miaka yote hiyo, mvua na baridi, kwa ajili ya neno langu moja. Redio ile haikufanya lolote. Mama yako hakufanya lolote.

Chef aliniita jioni ile akataka ripoti ya ufundi. Niliiandika kwa Kifaransa kizuri, na ninayakumbuka maneno yake: kwamba disketi imepoteza yaliyomo kutokana na kuwekwa karibu na chanzo cha sumaku, kinyume na maelekezo yaliyotolewa na opereta. Opereta ni mimi. Nilitia sahihi. Chef aliiweka mbele ya Maman Nsimire naye atie sahihi. Maman akaniomba nimsomee, maana miwani aliiacha mezani. Nikamsomea, mstari kwa mstari. “Umeandika muzuri,” akasema, akasaini.

Walimpa majuma mawili amalizie mambo yake. Alifanya nini katika majuma yale? Alikwenda kwa maman wa karanga. Kila asubuhi alifika ofisini na mfuko wa karanga zilizofungwa kwa karatasi zilizosokotwa pembe, akazifungua moja moja ngazini, akamimina karanga kwenye sahani, akanyoosha karatasi juu ya goti. Nyingi zilikuwa hesabu za watoto wa shule. Baadhi zilikuwa za daftari za Katana. Alizikausha mafuta kwa unga wa muhogo, akaja kuniomba nafasi kwenye mashine, akaandika upya: chemchemi hii, nyumba kadhaa, haikauki. Karanga alizisukuma upande wangu. “Kula, tusitupe.” Nilizila. Nilikaa pale ngazini nikitafuna, nikimtazama akitafuta ulichokipoteza mkono wangu, na kila siku nilisema kesho. Wachunguzi hawakuweza kurudi milimani kabla ya mwisho wa mwezi. Orodha ya Katana ilipoondoka ilikuwa na kurasa chache, na mabomba yalikwenda kwingine. Watu wa kwao walipata habari kwamba ni binti yao aliyepoteza kilima chao ndani ya mashine ya wazungu, na kwa muda mrefu hakuwa na uso wa kwenda kule. Alikwenda kwa vilio tu.

Wajukuu wangu wananiuliza kwa nini simu yangu ikisema nafasi imejaa siwaruhusu wafute kitu. Ninawaambia waniache. Nimefanya kazi na kompyuta maisha yangu yote baada ya hapo, nilipandishwa cheo, nilifundisha wengine, na nilikuwa mkali sana juu ya zile amri tatu. Wanafunzi wangu walinisifu kwa ukali ule. Nilipokea sifa hizo nazo.

Siku yake ya mwisho ilikuwa Jumamosi, baada ya salongo, kazi ya pamoja ya lazima, sote tukiwa bado na udongo wa bustani mikononi. Nilikuwa peke yangu mbele ya mashine. Akatokea mlangoni na kikapu chake, akavua viatu ingawa hakuwa na kazi tena humo, akaingia akasimama mbele yangu. Nilifikiri amejua. Nilitamani ajue. Maneno yalikuwa tayari, yote, mdomoni. Yeye akaanza kwanza.

“Faida, mutoto wangu, weye njo ulinifundisha ile machine. Ulivumilia kichwa yangu. Na miye nimekupatisha haya mbele ya Chef na mbele ya ule muzungu, bantu batasema hukufundisha muzuri. Siwezi toka hapa na ile muzigo.” Akapiga goti moja kwenye vigae, mwanamke wa umri wa mama yangu. “Unisamehe.”

Nilimtazama. Nilikuwa na muda wa kutosha.

“Nimekusamehe, Maman,” nikasema.

Akanishika mikono yote miwili, akasema aksanti, akainuka, akaenda kuvaa viatu vyake.